Tuondoe mialo ya dhahabu mashambani

Na Mganga Msaidizi wa zahanati ya kijiji, Handeni



Ukurasa huu wa afya umezoea kukueleza habari za choo, chandarua na uji wa mtoto. Leo nataka tuzungumze habari za udongo. Najua utauliza: "Udongo si kazi ya Bwana Shamba? Mganga ameingiaje huko?" Nimeingia kwa kupitia mlango wa zahanati, na kwa kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana alikuja kwangu kijana mmoja ambaye mikono yake ilikuwa inatetemeka. Ukimpa kikombe, maji yanamwagika kabla hayajafika mdomoni. Mkewe, aliyemsindikiza, alisema kwamba mumewe hapati usingizi, anasahau mambo, na siku hizi ana hasira za bure nyumbani. Nilimtazama mara moja tu nikaamua kwamba ni mlevi. Nikaanza kumsomea somo langu la gongo, ini na umaskini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mganga, mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe." Mkewe akaitikia kwamba ni kweli.

Niliona haya. Ndipo nikauliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: "Unafanya kazi gani?" Akajibu kwamba anachenjua dhahabu. Kila jioni huchoma zebaki juu ya jiko la mkaa, ndani ya chumba kile kile anacholala yeye, mkewe na watoto wao wawili. Kwa nini ndani? Kwa sababu nje kuna macho ya watu, na dhahabu haipendi macho ya watu.

Nikamwuliza tena: "Na kuosha, unaoshea wapi?" Akasema, "Bondeni kwa mzee, pale kwenye mchicha."

Jibu hilo la pili ndilo lililonifanya niandike. Habari ya kuchoma zebaki chumbani ni mbaya sana, lakini ni ya nyumba moja. Habari ya bonde la mchicha ni ya kijiji kizima.

Kwa msomaji ambaye hajaiona kazi hii, nieleze kidogo. Hapa kwetu Handeni, na kwa majirani zetu wa Kilindi, dhahabu imevuta watu wengi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jina la mlima wa Magambazi lilifika mpaka Canada, na kampuni ya huko iliyoitwa Canaco ilikuja kuchoronga miamba. Lakini sizungumzii makampuni. Nazungumzia wachimbaji wadogo, ambao ni kaka zetu, wajomba zetu na sisi wenyewe mvua inapokataa. Jiwe hutolewa shimoni, likasagwa kwa karasha mpaka likawa unga. Unga huo huoshwa kwa maji mengi ili mchanga uende na dhahabu ibaki. Mahali pa kuoshea huitwa mwalo. Kinachobaki hutiwa ndani ya karai pamoja na zebaki, kisha mtu hukanda kwa mikono mitupu. Zebaki hukamata dhahabu, vikawa donge moja. Donge hilo huchomwa. Zebaki huwa mvuke usioonekana, ukapanda, na dhahabu hubaki. Mchanga uliokwisha oshwa huitwa marudio, nao hurundikwa pembeni.

Zebaki wengi mnaifahamu. Ni ule ute wa fedha uliokuwamo katika vipimajoto vya kioo tulivyokuwa tukiwapa mshike kwapani. Kipimajoto kimoja kilikuwa na zebaki kama gramu moja tu, na hata hivyo kikivunjika tulifundishwa kufungua madirisha, kuwatoa wagonjwa nje na kuokota vitone vyake bila kuvigusa. Mchimbaji mdogo hutumia gramu moja mpaka mbili za zebaki, na pengine zaidi, kwa kila gramu moja ya dhahabu anayopata. Hesabu mwenyewe kijiji kinavunja vipimajoto vingapi kwa wiki.

Sasa tuitazame nchi yetu. Handeni ni kavu. Maji hayako kila mahali. Yako kwenye lambo, kwenye kisima, na kwenye mabonde machache ambako udongo hukaa na unyevu hata Agosti. Mboga zinataka mahali hapo. Ng'ombe wanataka mahali hapo. Mama mwenye ndoo anataka mahali hapo. Na dhahabu, kwa kuwa haioshwi bila maji, nayo inataka mahali hapo hapo. Mwalo haujengwi mlimani penye mawe na nyasi kavu, pale ambapo hata ukiharibu hakuna kitakachopungua. Hujengwa katika udongo bora kuliko wote wa kijiji.

Nilikwenda kuliona bonde hilo. Nilikuta mashimo manne ya kuoshea, maji yake mekundu yakifuata mfereji ule ule unaomwagilia mchicha na sukuma. Rundo la marudio lilikuwa na urefu wa mtu, limeegemea mgomba. Watoto walikuwa wakiteleza juu yake kwa furaha. Mwenye bonde, mzee wa heshima, alinikaribisha kivulini akanieleza kwamba amelikodisha kwa msimu mmoja tu, kwa fedha ambazo mahindi hayajampa kwa miaka mitatu. "Wakimaliza wataondoka, mwanangu," alisema, "nami nitalima bonde langu kama zamani."

Hapa ndipo ninapopingana na mzee wangu, na ndiyo sababu kubwa ya makala haya. Mzee anafikiri amekodisha. Mimi nasema ameuza, tena kwa bei ya kukodisha.

Tumezoea kwamba uchafu hupita. Kinyesi hugeuka mbolea. Mzoga huoza. Hata dawa nyingi za kuulia wadudu huvunjika polepole kwa jua na mvua. Lakini zebaki, risasi, kadimi na arseniki haviozi. Vitu hivi ni asili ya vitu; haviwezi kuvunjika zaidi ya hapo vilipo. Vikiingia udongoni vinashikana na mfinyanzi na mboji katika tabaka la juu, lile lile linaloguswa na mizizi na jembe. Mvua ikinyesha sana huvihamisha kwa jirani wa chini. Jua likiwaka, vumbi lake hupanda juu ya majani na ndani ya pua. Mchenjuaji anaondoka na gramu zake, lakini zebaki anaiacha. Mjukuu wa mzee yule atailima.

Na hapa nikiri kosa langu la pili. Kabla ya siku ile, akina mama wa kliniki waliponiuliza juu ya maji ya lambo yaliyobadilika rangi, niliwajibu haraka, "Chemsheni." Ni jibu nililolisoma chuoni, na ndilo walilofundishwa babu na bibi zetu mwaka 1973, walipokusanyika vikundi vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walishiriki kampeni ile, wakachimba vyoo na kuchemsha maji, nayo iliokoa wengi. Lakini moto huua vijidudu. Madini mazito hayana uhai wa kuuawa. Ukichemsha maji yenye risasi, maji yanapungua na risasi inabaki pale pale sufuriani. Akina mama walionisikia siku ile, naomba mnisamehe na mnisikilize upya.

Sumu hii inafikaje mwilini kutoka shambani? Njia ni nyingi, nazo hazilingani ubaya.

Punje ya hindi haichukui sana madini haya kutoka udongoni, na hilo ni jambo la kushukuru, maana sisi ni watu wa ugali. Mboga za majani zina hatari zaidi, hasa kwa vumbi linalokaa juu ya majani na kwa tope linalorukia mvua inaponyesha. Mihogo, viazi na karoti hukaa ndani ya udongo wenyewe. Kuziosha mboga vizuri na kumenya viazi kwa maganda manene husaidia, ila maji ya kuoshea yawe si ya mwalo huo huo, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu.

Njia ya pili ni matope na samaki. Zebaki ikikaa katika matope yaliyotuama, vijidudu vya matopeni huigeuza kuwa zebaki ya aina nyingine, kali zaidi, inayoingia mwilini kwa urahisi na kukaa. Hiyo ndiyo inayopanda kutoka kwa wadudu wadogo wa majini mpaka kwa perege, kutoka kwa perege mpaka kwa kambale anayemla, na kutoka kwa kambale mpaka kwako. Wajapani waliijua kwa machungu. Katika mji wa Minamata, kiwanda kilimwaga zebaki baharini kwa miaka mingi, na mwaka 1956 ugonjwa wake ukatambuliwa: watu walishindwa kutembea na kuona, na mama walioonekana wazima walizaa watoto wenye ubongo ulioharibika. Mkataba wa dunia juu ya zebaki umepewa jina la mji huo. Ulitiwa sahihi mwaka 2013, ukaanza kufanya kazi mwaka 2017, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Mashamba ya mpunga yenye maji yaliyotuama nayo yana matope ya namna hiyo hiyo. Wakulima wa mpunga wa Mombo na mabonde mengine ya Korogwe watie neno hili akilini: mpunga si sawa na mahindi katika jambo hili.

Tena kuhusu mpunga, Japani ina kisa kingine. Huko Toyama, mgodi wa juu mtoni ulikuwa ukitoa kadimi ikiteremka na mto Jinzu mpaka kwenye majaruba. Waliougua hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wakulima wa chini, na zaidi wanawake wa makamo waliokwisha zaa mara nyingi. Mifupa yao ililainika ikavunjika kwa kukohoa tu. Ugonjwa wenyewe uliitwa kwa kilio chao, itai-itai, yaani inauma-inauma. Serikali yao ilikubali chanzo chake mwaka 1968. Kisha wakaanza kuubadilisha udongo wa majaruba yale, na kazi hiyo ilikwisha mwaka 2012. Japani ni nchi tajiri yenye mitambo. Je, sisi wenye majembe tutabadilisha udongo wa bonde kwa miaka mingapi?

Njia ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu inawahusu watoto. Mtoto hahitaji kula mchicha ili ale udongo. Anatambaa, anashika, analamba vidole. Mwaka 2010 huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, vijiji vilivyokuwa vikilima tu vilianza kusaga mawe ya dhahabu majumbani, mahali pengine kwa mashine zile zile za kusagia nafaka. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Watoto wakaanza kupata degedege na kufa. Wauguzi walitibu malaria, kama ambavyo mimi ningefanya. Watoto zaidi ya mia nne walikufa, wengi wao wakiwa chini ya miaka mitano.

Naomba uzingatie walichofanya madaktari wa huko. Walikuwa na dawa ya kuitoa risasi mwilini. Lakini waliona kwamba haina faida kumtibu mtoto na kumrudisha katika ua ule ule. Ilibidi kwanza udongo wa juu ukwanguliwe nyumba kwa nyumba, uzikwe mbali, na udongo safi uletwe. Hapo ndipo dawa ilipofanya kazi. Mgonjwa wa kwanza alikuwa udongo.

Kwa hiyo nasema, na sitaki kulainisha maneno: mashine ya kusaga unga wa ugali isisage jiwe la dhahabu hata mara moja. Hakuna kuosha mashine kutakakotosha. Mwenye mashine anayekubali fedha hiyo ya usiku awekwe wazi mbele ya mkutano wa kijiji.

Njia ya nne ni ya akina mama, nami nitaisema taratibu kwa kuwa mimi ni kijana na wengi wenu ni mama zangu. Najua mkiwa waja wazito mnakula udongo. Wengine mnanunua ule wa pemba sokoni, wengine mnachimba kwenye kichuguu au mnabandua ukuta. Siwacheki. Mwili unaodai madini ya damu ndio mara nyingi unaotamani udongo, na dawa yake ni vidonge vya kuongeza damu tunavyotoa kliniki, pamoja na maharage, dagaa na mboga. Watafiti waliochunguza wajawazito 340 katika maeneo ya wachimbaji huko Geita, wakatoa matokeo yao mwaka 2014, walikuta kwamba karibu nusu yao hula udongo, na udongo wenyewe ulipopimwa ulikuwa na madini mazito, arseniki ikiwamo. Mahali ambapo nyumba zimepigwa lipu kwa marudio, kuubandua ukuta na kuula ni kumlisha mtoto ambaye bado hajazaliwa. Na hapa kwetu marudio yanapigiwa lipu. Ni mchanga mzuri, laini, wa bure. Nimeukuta hata kwenye sakafu ya jiko.

Baada ya kusema haya kijijini, nimepata wapinzani wa pande mbili.

Wa kwanza wanasema, "Basi tuwafukuze wachimbaji." Sikubaliani nao. Mvua ya Handeni tunaijua sote. Mwaka ambao mahindi yanakauka yakiwa na mbelewele, fedha ya dhahabu ndiyo inayonunua unga, sare za shule na hata nauli ya kumpeleka mjamzito hospitali. Mganga anayesema "acha kazi yako" bila kuonyesha nyingine, hasemi kitu. Tena ukiwafukuza mchana, watarudi usiku, na mwalo wa usiku ni mbaya kuliko wa mchana.

Wa pili wanasema, "Mbona hatujaona mtu aliyekufa kwa zebaki?" Hawa ni wengi zaidi, na swali lao ni la haki. Jibu ni kwamba sumu hii haiui kama nyoka. Mtu mzima hutetemeka, hupoteza kumbukumbu, huchoka, figo huharibika taratibu. Tunamwita mlevi, au mtu wa pepo, au mzee kabla ya umri. Mtoto mwenye risasi kidogo damuni haanguki. Anashindwa tu kushika hesabu darasani, na mwalimu anamwita mzito. Huko Rwamagasa, Geita, wataalamu waliwapima wachimbaji, na kati ya wale wanaochoma zebaki karibu mmoja katika kila wanne alikuwa na dalili za sumu iliyokwisha mwingia. Kabla ya kupimwa hakuna aliyekuwa akihesabiwa kuwa mgonjwa. Hata kijana wangu wa kikombe, kama asingekuwa na moyo wa kunijibu, angeandikwa katika kitabu changu kuwa mlevi mpaka leo.

Basi nataka nini? Nataka jambo moja kubwa: mwalo utoke shambani na utoke majini. Mengine yote yanafuata hilo.

Hili haliko juu ya uwezo wetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za watu ndani ya mita sitini kutoka mto au chanzo cha maji zinazoweza kukiharibu. Na tangu sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, zikapitishwa katika mkutano mkuu wa kijiji na kuthibitishwa wilayani. Kijiji kichague sehemu moja kavu, isiyolimwa, mbali na lambo na nyumba, penye udongo mgumu. Wachenjuaji wote waoshee hapo, katika mabwawa yaliyosakafiwa kwa saruji, maji yakizungushwa na kutumika tena badala ya kuachiliwa. Maji yatabebwa kwa gari au kwa punda, ndiyo, na ni gharama. Gharama hiyo leo inalipwa na mchicha wa bondeni, wala hakuna anayeiandika.

Kuchoma kufanyike hapo hapo, katika chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba la kupozea, ili mvuke urudi kuwa zebaki badala ya kuingia kifuani. Mwenye chombo hicho huikamata sehemu kubwa ya zebaki yake na kuitumia tena, kwa hiyo hata mfuko unapona. Nje ya hapo, mvuke hupoa ukatua juu ya udongo wa karibu na juu ya mabati. Sisi tunakinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati hayo.

Mjamzito na mtoto wasikae mahali pa kuchomea hata kwa dakika chache. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nepi. Marudio yasitoke mwaloni kwenda kujenga nyumba, kujaza shimo la barabara wala kulainisha udongo wa bustani.

Kuhusu mashamba ambayo tayari yana mwalo, msiyalime kwa kubahatisha. Tena bahati iko karibu nasi: kituo cha utafiti wa udongo cha Mlingano kiko mkoani humu humu, wilaya ya Muheza. Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata anaweza kuandika barua kupitia wilaya ili udongo upimwe huko au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Chukueni udongo kutoka sehemu kama kumi za shamba, kina cha shubiri moja, changanyeni kwenye ndoo safi isiyotumika mwaloni, mtie kiasi cha kilo moja katika mfuko safi na kuandika jina la kijiji, la shamba na tarehe. Chukueni na mfuko wa pili kutoka shamba ambalo halijaguswa, ili wataalamu walinganishe. Mfuko mmoja peke yake hausemi sana.

Wasomaji wa Korogwe msidhani kwamba haya ni ya Handeni peke yake. Maji ya bomba ambayo sehemu ya Handeni inakunywa yanachotwa katika mto Pangani, huko kwenu Korogwe, na mahindi na machungwa ya huku yanauzwa kwenye stendi zenu. Tumefungwa pamoja kwa bomba na kwa gunia. Nanyi mna mwalo wenu, ila hauitwi mwalo: ni pale fundi anapovunja betri kuukuu za magari na za umeme wa jua, akamwaga maji yake ya tindikali chini na kuyeyusha risasi yake kwa moto wa mkaa, kuku wakiparua pembeni. Risasi ile ni ile ile iliyoua watoto wa Zamfara. Pale Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha risasi za betri kilileta kesi ambayo mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri iliyokufa irudishwe nzima kwa muuzaji; isivunjwe uani.

Na ukija zahanati, anza kwa kutaja kazi yako, hata kama sikukuuliza. Sema: ninachenjua, au mume wangu anachomea ndani, au tunaishi karibu na karasha, au ninayeyusha betri. Zebaki hupimwa katika mkojo na risasi katika damu, wala vipimo hivyo havifanyiki hapa. Lakini nikijua kazi yako naweza kukuandikia barua ya kwenda mbele badala ya kukupa vidonge vya malaria mara ya tatu. Mtoto mwenye degedege ambaye kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na anayekaa karibu na mwalo, asirudishwe nyumbani kirahisi. Hilo najiambia mwenyewe pia.

Kijana wa kikombe ameacha kuchomea ndani. Mikono imetulia kiasi, ingawa bado hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Mkewe ni mjamzito sasa, nami nimemwandikia aende hospitali ya wilaya.

Mzee wa bonde alikuja kuniona wiki iliyopita, msimu wa kukodisha ukiwa umekwisha. Wachenjuaji wameondoka, marudio wamemwachia. Aliuliza kama anaweza angalau kurudisha migomba. Nilimwambia asubiri majibu ya udongo, na wakati anasubiri apande kitu kisicholiwa, kwa mfano miti ya mbao au mkonge, azungushie rundo lile miiba ili watoto wasipande. Alicheka kwa uchungu. "Mkonge," alisema. "Baba yangu alikatwa na mkonge wa Mjerumani na wa Mgiriki huko Korogwe mpaka akazeeka, akanunua bonde hili ili sisi tusiuone tena." Kisha akatoa mfuko wa nailoni kwapani akaniwekea mezani. Ulikuwa na udongo kiasi cha kilo moja, na juu yake ameandika kwa mkono wake jina la kijiji na tarehe. Alikuwa amesahau mfuko wa pili, ule wa kulinganishia, akarudi nyumbani kuuchukua.